Jengo kama Ushahidi wa Sheria: Mahakama ya Shirikisho ya Montgomery, Alabama

Thamani ya majengo ya kale aghalabu hupimwa kwa umri na uzuri wa usanifu. Jengo la mahakama ya shirikisho mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, linaonyesha kwamba vigezo hivyo viwili havitoshi.

Jengo hilo lilikamilika mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kwa michoro ya Frank Lockwood, msanifu wa mji huohuo. Lilikusudiwa kuwa posta na mahakama kwa pamoja, kama yalivyokuwa majengo mengi ya shirikisho enzi hizo. Kuta za mawe ya chokaa na mtindo ulioiga makasri ya Italia ya zama za Renesansi vilidhihirisha uthabiti wa dola. Hata hivyo, miji mingine ilikuwa na majengo ya namna hiyo.

Upekee wake ulitokana na hukumu. Katika kesi ya Browder dhidi ya Gayle, wanawake wanne Weusi, Aurelia Browder, Claudette Colvin, Susie McDonald na Mary Louise Smith, walipinga ubaguzi wa rangi katika mabasi ya mji. Tarehe 5 Juni 1956, majaji wawili kati ya watatu, Richard Rives na Frank M. Johnson, waliamua kwamba ubaguzi huo ulikiuka Katiba. Mahakama ya Juu iliidhinisha uamuzi huo mwezi Novemba, na Desemba wananchi wakahitimisha mgomo wa kususia mabasi uliodumu zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1965, Johnson aliruhusu maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery.

Jirani na mahakama kipo kituo cha mabasi ambako wasafiri waliopinga ubaguzi walishambuliwa Mei 1961. Mahakama ilipohitaji kupanuliwa, jengo la kituo lilinusurika. Jengo jipya la mahakama, lililokamilika mwaka 2002, liliongezwa bila kuliondoa lile la kale. Kituo kilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2011, nayo mahakama ikatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya kitaifa mwaka 2015.

Funzo kwa watunga sera ni kwamba orodha ya urithi inayotazama kuta pekee ingeweza kukiacha kituo kibomolewe. Tathmini ya jengo la umma yafaa ianze kwa kusoma kumbukumbu za maamuzi yaliyofanyika ndani yake, ndipo vipimo vya msanifu vifuate.