Vitamini Nyekundu na Sumu ya Moshi
Mtu aliyeokolewa katika nyumba inayoungua, ijapokuwa mwili wake haukuguswa na ndimi za moto, aghalabu huwa amevuta sumu mbili: kaboni monoksidi, na sayanaidi itokayo katika magodoro ya sponji, mazulia na plastiki ziunguapo. Sayanaidi huzizuia seli zisiitumie oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni tele, na mauti huweza kufika kwa dakika chache.

La ajabu ni kwamba dawa ya sayanaidi ni vitamini. Haidroksokobalamini, namna moja ya vitamini B12, ina kobalti katikati yake, ambayo huinasa sayanaidi zikawa kitu kimoja kisichodhuru, figo zikakitoa kwa mkojo. Madaktari wa Ufaransa walitangulia kuitumia, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2006. Mtu mzima hutiwa mshipani gramu 5 kwa muda wa dakika 15, kadiri inayozidi mara milioni 2 mahitaji ya siku, basi vidonge vya dukani havifai kitu hapa. Dawa ni nyekundu kama maji ya rosela, na ngozi ya mgonjwa pamoja na mkojo wake hugeuka vivyo hivyo. Jamaa zake waambiwe mapema, wasije wakafadhaika. Mapafu yaliyobabuka haiyaponyi. Hayo yataka oksijeni na uangalizi. Lakini laiti ingekuwamo katika kila gari la wagonjwa!