Dirisha la Kutokeza Katika Nchi ya Jua Kali

Dirisha la kutokeza ni lile lililojengwa nje ya mstari wa ukuta, likawa na vioo pande tatu na kuacha ndani yake nafasi ndogo ya kukaa. Umbo hili lilienea sana Uingereza katika karne ya 19, hasa baada ya kodi ya madirisha kufutwa mwaka 1851. Faida yake huko ni dhahiri. Mjini London, tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na chumba huhitaji kukusanya kila mwali upatikanao.

Umbo hilohilo huonekana leo katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Mara nyingi nafasi hiyo haikaliki: pazia hufungwa mchana kutwa, na mwanafunzi husoma kwa taa ya umeme ilhali nje kumejaa mwanga.

Chanzo cha joto

Mionzi ya jua ni ya mawimbi mafupi, na kioo cha kawaida huipitisha kwa wingi. Ikifika sakafuni na vitini hufyonzwa na kugeuka joto. Vitu hivyo navyo hutoa mionzi ya mawimbi marefu, ambayo kioo hakiipitishi. Hivyo joto huingia kwa wepesi na kutoka kwa shida.

Tuchukue dirisha la mita 2 za mraba linalotazama magharibi. Ikiwa kila mita ya mraba inapokea wati 600, na kioo kinapitisha asilimia 80, nguvu inayoingia ni 2 × 600 × 0.8, yaani wati 960. Hiyo ni karibu sawa na pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka chumbani.

Pembe ya jua

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni jua huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60. Tanjenti ya nyuzi 60 ni 1.73, kwa hiyo kinga ya zege inayotokeza sentimita 70 juu ya dirisha la kaskazini hutia kivuli kioo chenye urefu wa mita 1.2.

Upande wa magharibi mambo ni tofauti. Mwezi Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, saa kumi alasiri kwa saa ya jua, kimo chake ni nyuzi 30 tu. Tanjenti yake ni 0.58, na kioo kilekile kingehitaji kinga ya mita 2 na zaidi. Hapo kinga ya juu haifai kitu. Hutakiwa kinga ya wima.

Mafundi waliojenga roshani za mbao za Mji Mkongwe wa Unguja walitumia jawabu hilo. Mbao zenye matundu na luva huzuia jua lingali nje, na huku zikiruhusu upepo na mwanga hafifu kupita. Pazia la ndani haliwezi kazi hiyo barabara, kwa kuwa mionzi huwa imekwisha kupita kiooni.

Matumizi ya nafasi

Kwanza, luva au chiki ya mianzi ifungwe nje ya kioo. Pili, vioo vya ubavuni viweze kufunguliwa, kwani hukinga upepo upitao sambamba na ukuta. Lakini upepo hautaingia ikiwa hakuna tundu la kutokea upande wa pili wa chumba. Tatu, baraza ya kimo cha sentimita 45 ijengwe humo, na chini yake pawe sanduku la vitabu. Mwenye kuandika kwa mkono wa kulia aketi mwanga ukimjia kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya maandishi. Penye watoto, na hasa ghorofani, nondo ni za lazima.

Jaribio kwa wanafunzi

Tundika kipimajoto karibu na dirisha la magharibi, mahali kisipopigwa na jua. Soma kila nusu saa, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili funika dirisha kwa pazia la ndani. Siku ya tatu tundika jamvi nje ya kioo. Chora grafu tatu kwenye karatasi moja. Siku zote tatu ziwe za anga safi, la sivyo ulinganisho hautakuwa wa haki.