Sungura Aliyevimba Tumbo: Ni Mimba au ni Maradhi?

Askari anayeishi na jamaa yake huko Gurei, upande wa magharibi wa mji wa Juba, si rahisi apate nafasi ya kufuga ng'ombe. Lakini nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, kizimba cha sungura watatu au wanne hakimshindi. Watoto hupata cha kutunza na kupenda, na jikoni hupatikana kitoweo siku ambayo mshahara umechelewa. Ndiyo maana leo tumeona yafaa tuzungumze na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya jambo ambalo huwatatiza wafugaji wengi wapya: namna ya kumtambua jike mwenye mimba, na namna ya kumtambua aliye mgonjwa, kwa kuwa dalili za hali hizo mbili hufanana mno kwa mtazamaji asiyezoea.

Tumepata kuwaona watu waliomchinja jike aliyevimba tumbo kwa kudhani kuwa ana ugonjwa, wakakuta ndani vitoto vilivyobakiza siku chache tu kuzaliwa. Wengine tumewaona wakimngoja kwa furaha jike wao azae, kumbe tumbo lilijaa gesi, naye akafa kabla ya kupambazuka. Hasara zote mbili zingeweza kuepukwa.

Kwanza hapana budi ieleweke kwamba sungura ni mnyama anayewindwa na wengine. Akionyesha udhaifu porini, mwewe au mbweha atamchagua yeye. Kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu yake. Hapigi kelele wala hachechemei mpaka hali imekuwa mbaya sana. Askari aliyewahi kulinda lindo la usiku anaelewa jambo hili bila kufundishwa: usingoje adui ajitangaze, bali tazama kilichobadilika tangu jana. Nacho kitu cha kutazamwa kila asubuhi ni chakula na kinyesi.

Sungura mzima hula karibu mchana kutwa na usiku kucha, na kinyesi chake ni punje za mviringo, kavu, za ukubwa unaolingana. Punje zikipungua, zikawa ndogo na ngumu, au zikakoma kabisa, utumbo wake umeanza kusimama. Mnyama huyu hawezi kutapika, na utumbo wake hauna desturi ya kukaa mtupu. Akikosa kula kwa muda wa saa 12 hivi, mambo yamekwisha kuharibika. Utamwona amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, akisaga meno, na masikio yake yamepoa. Ukimgusa tumbo utalikuta limekaza kama ngoma. Hiyo ni gesi. Mimba haikazi tumbo namna hiyo, wala haiji kwa usiku mmoja. (Tuongeze hapa kwamba sungura huwa na kinyesi cha pili, laini, chenye umbo la kichala, ambacho hukila mwenyewe moja kwa moja. Hilo ni jambo la afya, na mtoto akiliona asimpige.)

Sasa tuje kwenye mimba yenyewe. Sungura hubeba mimba kwa siku 30 hadi 32. Ni muda mfupi, na kwa sababu hiyo tarehe ndiyo shahidi mkuu. Kituo chochote cha polisi kina kitabu cha matukio. Mfugaji naye na awe na daftari lake, hata likiwa la kurasa chache, aandike siku ambayo jike alipelekwa kwa dume. Jike ndiye apelekwe kwenye kizimba cha dume, wala si dume kwa jike, maana jike hulinda makao yake na anaweza kumuumiza mgeni.

Kati ya siku ya 10 na ya 14 mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kupima kwa vidole. Mnyama awekwe juu ya gunia au kitu kisichoteleza, ashikwe ngozi ya mabegani kwa mkono mmoja bila kuinuliwa, na mkono wa pili upite taratibu chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Mimba ikiwapo, vidole vitakutana na vitu kama gololi laini vilivyopangana, ambavyo huteleza vinapoguswa. Visichanganywe na punje za kinyesi, ambazo ni ngumu zaidi na hukaa juu, karibu na uti wa mgongo. Baada ya siku hizo hatushauri kuendelea kuminya-minya, kwani vitoto vinaweza kuumia.

Dalili nyingine hufuata zenyewe. Jike huongeza kula, tumbo hupanuka pole pole upande wa chini na mbavuni, naye huwa mkali kwa dume aliyemkubali juzi. Zikikaribia siku za kuzaa hubeba majani makavu kinywani na kujinyonyoa manyoya ya kifua ili atandike kiota. Hivyo siku ya 28 awekewe sanduku lenye majani makavu. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa huweza kupunguza chakula. Hapo ndipo wengi hushtuka bure. Lakini ikiwa daftari lasema siku ya 30, anatembea vizuri, na punje za kinyesi zinaendelea kutoka, basi aachwe kwa utulivu.

Lakini jike akijinyonyoa manyoya siku ya 16 hadi ya 18, hiyo si mimba ya kweli. Mwili wake umedanganyika, pengine kwa sababu jike mwenzake alimpanda. Hali hiyo hupita bila dawa. Ama jike mnene kupita kiasi, akikataa chakula kabisa katika juma la mwisho la mimba na kulegea, huyo ni mgonjwa kweli, na anaweza kufa upesi. Na siku ya 34 ikipita bila kuzaa, Bwana Mifugo aitwe siku hiyo hiyo, kwani huenda vitoto vimefia tumboni.

Huko Juba kuna adui mwingine ambaye vitabu vya nchi za baridi havimtaji sana, nalo ni joto. Mwezi Machi 2024 Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kote kwa ajili ya joto kali. Ikiwa watoto wa watu waliondolewa madarasani, fikiri hali ya mnyama aliyevaa koti la manyoya na asiyetoka jasho kama sisi. Joto likizidi nyuzi 30 sungura huanza kutaabika: hupumua kwa haraka, pua hutanuka, masikio huwa mekundu na ya moto, naye hulala amejinyoosha. Jike mwenye mimba kubwa ndiye hufa kwanza. Apelekwe kivulini, masikio yalowanishwe kwa maji ya kawaida, na kizimba kipate upepo. Asitumbukizwe katika maji ya barafu. Kizimba chenye paa la bati tupu lisilo na nyasi juu yake ni tanuri. Tena joto huharibu mbegu za dume, na dume huweza kukaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuzalisha. Kwa hiyo mfugaji ambaye jike wake hashiki mimba katika Februari na Machi asiwe mwepesi wa kumchinja jike. Kosa laweza kuwa la dume, nalo litaondoka mvua zikianza.

Juu ya maradhi mengine tutapita haraka. Ukoko mzito ndani ya masikio ni kazi ya utitiri, na hutibika. Pua yenye makamasi na miguu ya mbele iliyolowana, kwa kuwa mnyama hujipangusia, ni ugonjwa wa kifua unaoambukiza wenzake. Watoto wa sungura wakihara na kuvimba matumbo, tazama sakafu: uchafu na unyevu ndivyo huwaletea. Meno ya mbele hukua maisha yote, kwa hiyo asiyepata majani magumu ya kutafuna huota meno marefu hadi akashindwa kula, naye huchuruzika mate. Mabaka yasiyo na manyoya yanaweza kuwa mapunye, ambayo watoto wa nyumbani huyapata pia.

Jambo moja twalisema kwa mkazo. Askari mwenye huruma huweza kuchukua vidonge vya ampisilini alivyopewa zahanati na kumnywesha sungura wake. Dawa hiyo, ikipita kinywani, huua vijidudu vyema vya tumboni na kuviacha viovu vistawi, na mnyama hufa kwa kuhara baada ya siku chache. Aliyemtibu hubaki akidhani kuwa ugonjwa ndio uliomshinda.

Ndugu zetu waliowahi kukaa Kivu, Mashariki ya Kongo, wamewaona dende, ambao Tanzania huitwa simbilisi, wakizunguka jikoni. Wakati wa vita wafugaji wengi huko waliona kuwa mbuzi huporwa kwa urahisi, lakini mnyama anayefichika ndani ya nyumba husalimika. Kanuni za simbilisi si zile za sungura. Mimba yake huchukua siku 59 hadi 72, na vitoto huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia. Jike wa simbilisi sharti azae mara ya kwanza kabla hajatimiza miezi saba hivi; akichelewa, mifupa ya nyonga hushikana na njia ya kuzalia haifunguki. Binamu yake wa milima ya Andes, chinchila, anayefugwa majumbani Ulaya na Marekani, hubeba mimba siku 111, na joto la Juba lingemmaliza kwa siku moja.

Turudi kwa jike wetu aliyekwisha kuzaa. Vitoto vya sungura huzaliwa vikiwa uchi na vipofu, na macho hufunguka siku ya 10 hivi. Asubuhi ya kwanza mwenye nyumba anawe mikono, ahesabu vitoto, aondoe vilivyokufa, kisha avifunike tena kwa manyoya ya mama yao. Mama atakaa mbali na sanduku mchana kutwa, na watoto wa nyumbani watakuja kusema kuwa amevitupa. Hakuvitupa. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, mara nyingi gizani. Alfajiri chungulia matumbo ya vitoto: yakiwa ya mviringo na yamejaa, vimenyonya.