Darubini Isiyo na Mkeshaji

Zamani mwanafalaki alikesha kando ya darubini yake juu ya mlima, akivumilia baridi ya usiku kucha. Macho yake yalitazama nyota, lakini ngozi yake nayo ilikuwa na kazi: ilipohisi umande au tone la mvua, alikimbilia kufunga paa. Siku hizi viko vituo ambavyo usiku havina mtu, bali huendeshwa kutoka mbali kwa kompyuta. Je, kituo cha namna hiyo hutiwa vifaa gani ili kichukue nafasi ya mkeshaji?

Mfano mmoja ni mtandao wa Las Cumbres, ulioanzishwa mwaka 2005 na mhandisi Wayne Rosing, wenye makao yake California, Marekani. Darubini zake zimetawanywa duniani, zikiwamo za Hawaii, Texas, Chile, Australia na Afrika ya Kusini. Huko Sutherland, katika nyanda kavu za Karoo, darubini 3 zenye vioo vya upana wa mita 1 zilisimikwa mwaka 2013.

Kifaa cha kwanza ni kioo, ambacho hukusanya nuru. Cha pili ni kiweko chenye mota. Kwa kuwa dunia hujizungusha, nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Kiweko hakina budi kuigeuza darubini kwa kadiri hiyo hiyo, ama sivyo picha ya nyota itakuwa mstari badala ya nukta. Cha tatu ni kamera ya kielektroniki, iliyo badala ya jicho. Hiyo hupozwa sana, maana joto lake lenyewe huzaa alama za uongo katika picha.

Lakini vyote hivyo ni bure pasipo ngozi ya mkeshaji. Kwa hiyo huwekwa vipimo vya upepo, unyevu, mvua na mawingu. Vikionyesha hatari, paa hujifunga bila kungoja amri. Kanuni ni moja: penye shaka, funga. Mawasiliano yakikatika, paa lifungwe. Umeme ukizimika, betri ziwe na nguvu za kulifunga. Usiku uliopotea hufuatwa na usiku mwingine, bali kioo kilichonyeshewa huenda kisifae tena.

Faida ya mpango huu ilidhihirika tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo ya Marekani na Italia ilipokea mawimbi ya uvutano kutoka nyota 2 za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Saa 11 hivi baadaye, usiku ulipoingia Chile, darubini kadhaa, mojawapo ya Las Cumbres, ziliiona nuru ya mgongano huo. Ilionekana kwa muda mfupi tu baada ya jua kuchwa. Chile ilipoipoteza, Australia iliipokea, kisha Afrika ya Kusini. Nuru ilififia upesi, ikageuka kutoka buluu kuwa nyekundu kwa siku chache, na hivyo kuonyesha kwamba elementi nzito, kama dhahabu, hufanyika katika migongano ya aina hiyo. Kituo kimoja peke yake kingekosa sehemu kubwa ya mageuzi hayo.

Hata hivyo binadamu hajaondoka: fundi husafisha vioo, na mwanafalaki huamua nyota ya kupimwa. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: mkeshaji hutambua mambo gani bila hata kufikiri, na kila moja lapimwa kwa chombo gani? Orodha watakayoiandika ndiyo mwanzo wa kituo.