Samaki Wengi, Bei Chini: Piga Hesabu Kabla ya Kulipia Ghala la Baridi

Bei ya samaki hapa Pwani inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, Novemba hadi Machi hivi, bahari inatulia, vyombo vinatoka kwa wingi na samaki wanajaa bandarini. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili, bahari inachafuka, wengi hawatoki na samaki wanaadimika. Ukinunua Ngomeni, Mayungu, Watamu au Takaungu unajua vile inavyokuwa siku ya neema: asubuhi bei inaanguka, na ikifika alasiri mtu anauza kwa bei yoyote, mradi mzigo usimwozee mkononi.

Ghala la baridi linakupa siku mbili tatu za kungoja bei. Lakini siku hizo zinalipiwa, na usipozihesabu vizuri zinakula faida yote. Leo tunaangalia nani wanaogombania baridi hii Malindi na Kilifi, kwa nini si rahisi kuipata, na hesabu ya kufanya kabla hujalipa kwa simu.

Si wavuvi peke yao

Kaskazi hiyohiyo inayoleta samaki ndiyo wakati wa msimu mkuu wa maembe. Ngowe, apple na boribo kutoka Magarini na Malindi zinaiva kwa pamoja, na mkulima asiye na pa kuziweka anauza kwa dalali anayefika shambani kwa bei ya dalali.

Wakati huohuo hoteli za Malindi na Watamu zina wageni, na zinataka nyama, maziwa, kamba na mboga zilizokaa kwenye baridi. Hospitali nazo zinahitaji baridi yao: chanjo nyingi za kawaida hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mjini Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, ambako kazi ya chanjo na sampuli haiwezekani bila majokofu.

Kwa hiyo baridi inahitajika na wengi, na mara nyingi wakati mmoja.

Kila mzigo na baridi yake

Usidhani chumba kimoja kinatosha wote. Samaki mbichi anataka baridi ya karibu na nyuzi 0, akiwa amefukiwa kwenye barafu. Aliyegandishwa anataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Embe lililokomaa bado likiwa kijani linatunzwa vizuri kwenye nyuzi 13 hivi, na laweza kukaa wiki mbili hadi tatu. Ukiliweka chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa linaungua kwa baridi: ganda linapata madoa na tunda halitaiva sawasawa. Tena embe hunasa harufu. Ukiliweka chumba kimoja na samaki, umeharibu mzigo wa mwenzako.

Jambo lingine: baridi haimfufui samaki aliyekwisha kuharibika. Jodari akikaa juani, mwilini mwake inajengeka sumu iitwayo histamini, na ukimkaanga haitoki, hata ukimgandisha pia haitoki. Barafu ianze ndani ya chombo, baharini. Kipimo kinachotumika sana kwenye nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

Kwa nini kuliendesha ni ghali

Ghala la baridi linakula stima usiku na mchana, liwe limejaa au nusu tupu. Joto la Pwani linafanya mashine zifanye kazi zaidi, na hewa ya chumvi inakula vyuma. Lakini shida kubwa ya mwenye ghala ni msimu. Kaskazi kila mtu anabisha mlango, Kusi kreti ni za kuhesabu. Bili ya stima haijui kaskazi wala kusi. Ndiyo maana mwenye ghala anayepokea bidhaa za aina nyingi, kwa vyumba tofauti, ana nafasi nzuri ya kudumu kuliko anayetegemea samaki peke yake.

Kulipa kwa kreti, kwa siku

Zamani kukodi chumba cha baridi kulimaanisha mkataba wa miezi na pesa nyingi mkononi. Siku hizi kuna mtindo wa kulipia unachotumia. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs ilianza kwa kulipisha naira 100 kwa kreti moja kwa siku, kwenye vyumba vinavyotumia nguvu za jua vilivyojengwa sokoni. Hapa Kenya, SokoFresh inapeleka ghala la baridi la sola karibu na shamba, nako kando ya Ziwa Victoria kampuni ya Keep IT Cool inafanya kazi na wavuvi na ilishinda tuzo ya Earthshot mwaka 2024.

Mtindo huu unakwenda vizuri na malipo ya simu. Mama karanga mwenye kreti mbili anaweza kulipia siku mbili, akauza, akaondoka.

Piga hesabu kwanza

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu, weka zako. Una kilo 40 za samaki. Leo bei ni shilingi 200 kwa kilo, ukiuza unapata 8,000.

Ukiweka ghalani siku mbili kwa shilingi 10 kwa kilo kwa siku, ni 800. Tuktuk na ada za kutuma pesa, tuseme 300. Jumla 1,100. Kilo 2 zipotee kwa kupungua uzito na kuharibika, unabaki na 38.

Bei ikipanda hadi 260, utauza 9,880. Toa 1,100, unabaki na 8,780. Umepata 780 zaidi ya kuuza leo. Bei ikipanda hadi 225 tu, utauza 8,550, na ukitoa gharama unabaki na 7,450. Hapo umepoteza 550, na siku mbili juu yake.

Kwa mfano huu, bei isipofika karibu 240, bora uuze leo. Kwa hivyo usiulize tu "Ghala ni pesa ngapi?" Uliza pia "Bei yangu ya kurudisha gharama ni ngapi?" Kisha wapigie wateja wako wa Kilifi, Mtwapa au Mombasa, usikie wanatoa ngapi, kabla kreti haijaingia chumbani.

Unapolipa kwa simu

• Lipa kwa nambari ya biashara ya ghala, siyo kwa nambari ya simu ya mlinzi au kijana wa mlangoni. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti, simama.

• Hifadhi meseji ya malipo, na udai risiti yenye idadi ya kreti, kilo na tarehe ya kutoa. Meseji inaonyesha umelipa, lakini haionyeshi uliacha nini ndani.

• Uliza mapema: stima ikikatika na mzigo ukaoza, nani analipa? Jibu liandikwe.

• Mtu akikutangazia friza au nafasi ya ghala mtandaoni akataka amana kwanza, nenda ukaone kwa macho. Hakuna mtu wa kwetu atakayekuomba PIN, hata akijua jina lako lote.

• Kama mko kikundi au BMU, mkodi pamoja, lakini kila mtu alipie kreti zake kutoka simu yake. Siku ya kugawana hakuna atakayeuliza nani hakulipa.

• Kaskazi weka akiba kidogo kila ukiuza. Miezi ya kusi inakuja kila mwaka, na baridi ya ghala haiwezi kuhifadhi samaki ambaye hakuvuliwa.