Ukisoma fasihi chuoni utakula nini?

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nahangaika na maombi ya chuo. Kidato cha sita nilichukua HKL, sasa nataka kuendelea na fasihi. Mjomba, ambaye ndiye mlipa ada, kaniuliza mbele ya watu: "Fasihi si hadithi tu hizo? Soma uhasibu wewe." Sikumjibu, mkubwa hajibiwi hivi hivi. Najibu hapa.

Mwaka 1968 pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Pale fasihi ya Uingereza ndiyo ilikuwa shina, Afrika kitawi tu. Yaani mwanafunzi wa Kisumu anaitazama dunia kama vile kasimama London!

Wengi wanadhani jamaa walitaka kumfukuza Shakespeare. Wapi! Walichodai ni kwamba Afrika ikae katikati, halafu ndo utoke kwenda kwa wengine, Karibiani, Ulaya na kwingineko. Na fasihi simulizi, zile ngano na vitendawili vya bibi, nayo iingie darasani. Baadaye ikawa Idara ya Fasihi.

Na hizo "hadithi tu" si mchezo. Mwaka 1977 Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mirii walitoa tamthilia kwa Kigikuyu, wanakijiji wenyewe wakaigiza. Serikali ikaipiga marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi.

Sekondari sisi tulikariri dhamira na wahusika, mtihani ukiisha tunasahau. Hakuna aliyetuuliza kitabu hiki kakichagua nani, na nani hayumo. Tangu nijue habari ya Nairobi swali hilo haliniachi. Juzi hapa kafe nimesoma habari ya wavuvi wa kwetu: kahojiwa ofisa, kahojiwa mfanyabiashara wa samaki. Mvuvi hata mmoja hamna! Zamani nisingeona.

Kinachonichekesha, tukienda kijijini Desemba mjomba huyo huyo ndiye anayetukesha na hadithi za sungura na fisi, na sauti anabadilisha. Hajui kama kuna watu wana shahada kwa hizo hizo.

Dirisha la maombi linafungwa wiki ijayo. Jioni nakwenda kwake, nikaongee naye vizuri.