Bustani ya Mwanda Mwezi kwa Mwezi

Mkulima wa Mwanda hawezi kufuata kalenda iliyotungwa kwa ajili ya nchi nyingine. Milima ya Taita huinuka ghafula katikati ya nyika, na kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208. Mtu huondoka nyumbani asubuhi amejifunika kwa sababu ya ukungu, na adhuhuri yuko chini upande wa Voi akitafuta kivuli. Mlimani, masika ya Machi hata Mei ndiyo majira ya mahindi na maharagwe. Nyikani, mvua ya kutumainiwa zaidi ni vuli. Basi mwenye mashamba mawili akipanda mbegu zake zote nyikani mwezi wa Machi, kwa kuwaiga majirani wa mlimani, aweza kujikuta Julai akinunua unga.

Januari na Februari ni miezi ya jembe na samadi. Matuta ya kuzuia udongo yatengenezwe sasa, maana mvua kubwa ya Aprili haimngoji mtu. Mbegu za kabichi zisiwe katika kitalu mwishoni mwa Februari, miche haitakuwa tayari mvua ikishika. Miche hukaa kitaluni majuma manne hata sita, kisha huhamishwa jioni, futi 2 kati ya mche na mche.

Aprili na Mei ni palizi. Kila mtu aijua.

Kazi ngumu ni ya Juni hata Agosti. Jua halionekani siku nyingi, na majani hukaa na maji mpaka mchana. Kabichi na karoti hupendezwa na baridi hiyo, lakini nyanya na viazi hupatwa na baka: madoa meusi juu ya jani, na ukungu mweupe chini yake wakati wa asubuhi. Wako wanaothubutu kupanda nyanya nyingi miezi hiyo kwa kutamani bei ya Mombasa, nao huenda wakapoteza bustani nzima kwa muda wa juma moja. Afadhali kupanda chache, kwa nafasi, zifungwe kwenye vijiti ili upepo upite, na majani yenye madoa yang'olewe na kuchomwa. Nyanya zisifuate mahali palipokuwa na viazi, kwa kuwa ugonjwa wao ni mmoja.

Septemba shamba la nyikani lisafishwe. Mvua ya kwanza ya Oktoba mara nyingi ni ya kudanganya. Udongo uchimbwe kwa mkono, na kama haujalowa chini, mbegu zingoje. Ikisha kushika, hupandwa kunde, pojo na mbaazi, na watoto hupewa zamu ya kuwafukuza ndege na nyani. Maharagwe ya mbegu yaliyovunwa mlimani yawe yamekwisha kukaushwa na kuchanganywa na majivu, wadudu wasiyatoboe kabla ya Machi.